Aliyemlilia mbwa wa kwenye filamu

Siku hizi zimezagaa video fupi za aina moja. Mtu mzima, mara nyingi mwanaume, ameketi kwenye kochi anatazama filamu na hajui kwamba anarekodiwa. Mkewe au binti yake amemwelekezea simu kutoka pembeni. Kadiri kisa kinavyokolea ndivyo kidevu chake kinavyoanza kutetemeka, mkono unapanda usoni, halafu taa inawashwa ghafla na watu wanaangua kicheko. Video inapita kundi moja la WhatsApp hadi jingine, inafika TikTok, na chini yake utakuta maoni ya namna mbili tu. Wapo wanaosema wanaume wa siku hizi wamelegea. Wapo wanaowajibu kwamba kulia ni afya, mwacheni apone. Makundi haya yanadhani yanapingana, na kwa maoni yangu yamekosea pamoja. Yote mawili yanayachukua yale machozi kama dalili ya hali ya mtu mwenyewe, kwamba ni dhaifu au kwamba ana jeraha, na hakuna anayeuliza ameona nini kwenye skrini hata akalia.

Hoja yangu ni kwamba anayelia mbele ya filamu ameelewa jambo, na mara nyingi amelielewa vizuri kuliko yule aliyeshika simu. Aibu inayomshika haitoki kwenye machozi yenyewe, inatoka kwenye kuonekana. Kwa miaka mingi sinema ilimpa mtu giza la kulilia. Giza hilo tumeliondoa kidogo kidogo, na sasa tunamwekea kamera mahali ambapo zamani hata jirani wa kiti cha pili hakumwona.

Nitoe mfano mmoja wa nyumbani. Mjomba wangu anaishi Tanga, Ngamiani. Ni fundi seremala aliyestaafu, mtu wa swala tano, na Ijumaa haimpiti bila kusoma Suratul Kahf, sura ya Pango katika Qur'ani. Jioni moja wajukuu zake walikuwa wameweka filamu, naye akaingia sebuleni kusubiri taarifa ya habari. Hakukaa. Alisimama mlangoni, bega kaliegemeza kwenye fremu, tasbihi mkononi, kama mtu anayepita tu. Filamu ilikuwa Hachi, ile ya mwaka 2009 ya mbwa anayemsubiri bwana wake kwenye kituo cha treni. Saa ya taarifa ya habari ikafika na kupita, yeye hajabanduka wala hajasema waibadilishe chaneli. Kuelekea mwisho akatoka kimya kimya kwenda uani. Akafungua bomba akawa anajaza ndoo, na ile ndoo ilikuwa imejaa tangu mchana. Tukasikia maji yakifurika kwenye sakafu ya saruji kwa muda mrefu. Mjukuu mmoja alikuwa keshamrekodi tangu alipokuwa pale mlangoni, na kabla bomba halijafungwa video ilikuwa kwenye kundi la familia ikiwa na maneno matatu: "Babu analilia mbwa."

Lililowachekesha watu ni hilo neno la mwisho. Sisi wa pwani wengi tumelelewa katika madhehebu ya Shafi, ambamo chombo alicholamba mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mbwa haingizwi ndani, haguswi na mwenye udhu wake, na jina lake tunalitumia kutukania. Mzee wa kanzu na kofia kutokwa na machozi kwa ajili ya mbwa wa Kijapani aliyehamishiwa Marekani kulionekana ni kioja. Ila mtu aliyeisoma Suratul Kahf kila Ijumaa kwa zaidi ya miaka hamsini ameshakutana na mbwa mlangoni. Katika sura hiyo vijana wamelala pangoni, na mbwa wao amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini. Watu wanapobishana baadaye walikuwa wangapi, kila hesabu inamtaja: watatu, wa nne wao ni mbwa wao, watano, wa sita wao ni mbwa wao, saba, na wa nane wao ni mbwa wao. Na yupo yule mtu wa kwenye hadithi ya Mtume aliyeshuka kisimani, akajaza maji kwenye khofu yake, yaani soksi ya ngozi, na kupanda nayo ameing'ata kwa meno ili amnyweshe mbwa aliyekuwa akila udongo kwa kiu, Mungu akamsamehe madhambi yake. Mjomba hakuyasaliti malezi yake pale mlangoni. Alikuwa na kumbukumbu ambayo wajukuu hawajaifikia bado.

Kisa cha Hachi kina asili ya kweli. Hachiko alikuwa mbwa wa aina ya Akita, alizaliwa mwaka 1923. Bwana wake, Hidesaburo Ueno, alikuwa profesa wa kilimo katika Chuo Kikuu cha Tokyo, na mbwa alizoea kumpokea jioni kituoni Shibuya. Mwezi Mei 1925 Ueno akafariki ghafla akiwa kazini. Mbwa akaendelea kwenda kituoni kwa karibu miaka kumi, mpaka alipokufa Machi 1935. Sanamu yake ilizinduliwa mwaka 1934 angali hai, ikaja kuyeyushwa wakati wa vita, nyingine ikasimamishwa mwaka 1948. Mwongozaji Lasse Hallström alikihamishia kisa hicho katika mji mdogo wa Marekani, akampa Richard Gere nafasi ya profesa.

Sasa angalia watu wanalia wapi. Profesa anakufa filamu ikiwa bado ina safari ndefu. Anaanguka akiwa anafundisha, na watazamaji wanaguna, wanasikitika, lakini wengi macho yao yangali makavu. Miaka inapita, mbwa anazeeka, manyoya yanachakaa. Ndipo mjane wa profesa, aliyekuwa amehamia mbali, anarudi na kuteremka kituoni. Anamkuta mbwa mahali palepale. Anachuchumaa mbele yake, halafu anamwomba ruhusa wasubiri pamoja treni inayofuata. Hapo ndipo watu wanapovunjika. Na hapo hakuna aliyekufa, hakuna aliyeumizwa, hakuna baya lolote linalotendeka. Kinachotokea ni kwamba uaminifu wa miaka mingi, ambao hakuna aliyeulipa wala kuuomba, umepata mtu wa kuuona na kukaa nao.

Ukishaliona hilo mara moja utaliona kila mahali. Katika Kabhi Khushi Kabhie Gham, filamu ya Kihindi ya mwaka 2001 ambayo huku kwetu imerudiwa majumbani mpaka watoto wanazijua nyimbo zake, mtoto wa kulea anakataliwa na baba yake kwa sababu ya ndoa. Ni tukio zito, lakini machozi mengi hayaji pale. Yanakuja mwishoni kabisa, yule baba mwenye kiburi, Amitabh Bachchan mwenyewe, anapomwomba mwanawe radhi. Katika jamii ambayo baba akikosea huagiza mtoto aitwe aje kula, na huko kuitwa ndiko kuombwa radhi, kumsikia mzazi akilitamka neno lenyewe kunagusa mahali ambapo watu wamekuwa na njaa tangu utotoni. Watafiti wanaofuatana na Alan Fiske wa Marekani wameipa hali hii jina la Kisanskriti, kama muta, yaani aliyeguswa na upendo, na wanaeleza ishara zake mwilini: kifua kupata joto, kooni kukaa donge, mwili kusisimka, macho kulowa. Waswahili walizijua ishara hizo zamani, na ile ya mwili kusisimka tumeipa maneno mazuri kuliko yao. Tunasema malaika wamesimama.

Wapo wenye majibu kwa haya yote, na jibu lililo jepesi kuliko yote ndilo linalosikika zaidi: filamu ni uongo, yule mwigizaji amelipwa, mbwa amefunzwa, sasa unalia nini? Swali hili lina ukoo wa kiheshima. Mwaka 1975 mwanafalsafa Mwingereza Colin Radford aliuliza tunawezaje kuguswa na yaliyompata Anna Karenina, mhusika wa riwaya ya Tolstoy, ilhali tunajua hakuwahi kuwapo, na akafikia uamuzi kwamba ndivyo tulivyoumbwa, ila tunajipinga wenyewe. Mimi naona bibi zetu walishalijibu kabla hajauliza. Msimulizi anapoanza, "Hadithi, hadithi!", tunaitikia nini? "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Tunauita uongo kwa jina lake, tunaukaribisha ndani na kuuomba ukolee. Hakuna mtoto aliyedanganywa kwamba sungura anasema. Na mtoto huyohuyo, akijua wazi kwamba uongo umeitwa, alilia mtoto wa kambo alipotumwa kisimani usiku. Alichokililia kilikuwa kweli, kwa sababu watoto wa kambo wapo, na visima vipo, na usiku upo. Uongo wa hadithi ni wa majina na mahali. Dhuluma iliyomo ndani yake mtoto anaijua, ameiona nyumba ya tatu.

Hata maabara zinalijua hilo. Wanasaikolojia wanapotaka kuchunguza huzuni huwa hawamletei mtu msiba, wanamwekea kipande cha filamu. Mwaka 1995 James Gross na Robert Levenson walichapisha seti ya vipande vilivyojaribiwa kwa kazi hiyo, na miongoni mwa vya huzuni kilichosifika zaidi ni kutoka The Champ ya mwaka 1979, mtoto anapomlilia baba yake bondia aliyekata roho mezani. Hakifiki dakika 3. Mapigo ya moyo na jasho la viganja havisubiri kuuliza kama mwigizaji amelipwa. Sisi Watanzania tuna ushahidi mkubwa zaidi ya huo. Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, akiwa na miaka 28, viwanja vya Leaders pale Kinondoni vilifurika watu ambao wengi hawakuwahi kumpa mkono. Walikuwa wamemjua kupitia watu aliowaigiza. Msiba ulikuwa wa kweli, na mlango waliouingilia ulikuwa filamu.

Hoja ya pili ni ya wanaume kulegea, kwamba mababu zetu hawakuwa hivi. Hii inasemwa na watu ambao hawakuwauliza mababu. Kuanzia miaka ya 1950 filamu za Kihindi zilijaza kumbi za Zanzibar, Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, na mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2018 kuhusu sinema Tanzania, ameonyesha jinsi zilivyopendwa na watu ambao wengi wao hawakujua Kihindi. Awaara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, hujengwa juu ya baba hakimu aliyemtupa mkewe kwa wivu na mwana aliyekulia mitaani, mpaka siku wanapokutana mahakamani. Mother India ya mwaka 1957 inamalizika mama akimpiga risasi mwanawe mpenzi ili kulinda heshima ya kijiji. Nani aliyetoka macho makavu? Muulize mzee yeyote aliyekuwa akienda kwenye kumbi za Majestic au Empire, mpe muda wa kukuamini, na atakwambia.

Tofauti ilikuwa giza. Ukumbi wa sinema ulikuwa mahali pekee ambapo mamia ya watu wanakaa bega kwa bega, wanapatwa na jambo moja kwa wakati mmoja, na hakuna anayemtazama mwenzake. Macho yote yameelekea mbele. Wanawake wa pwani walikuwa na maonyesho yao wenyewe, zanana, ambako hapakuwa na mwanaume wa kuwaona, na walilia huko kwa raha zao na kurudi nyumbani wamevaa buibui. Drive-In ya Msasani, Dar es Salaam, sinema ya kutazamwa ukiwa ndani ya gari, iliyofunguliwa mwaka 1966 mahali ambapo leo upo ubalozi wa Marekani, ilimpa baba mwenye gari chumba chake mwenyewe cha kulilia, watoto wakiwa wamelala kiti cha nyuma. Taa za ukumbi zilipowashwa zilichelewa kidogo, majina yakipanda, na zile dakika mbili za mwisho watu walikuwa wakipangusa nyuso na kujiweka sawa kabla ya kutoka. Hakuna aliyewafundisha adabu hiyo. Kila mmoja alimpa mwenzake nafasi kwa sababu naye aliihitaji.

Kumbi zikafa, vikaja vibanda umiza, vile vibanda vya mitaani vya kuonyeshea video. Huko giza lilikuwapo bado, la turubai na mabati, na juu yake kelele: sauti ya mtafsiri kama Lufufu hapa kwetu au DJ Afro kule Kenya, anayemnenea Mhindi na Mchina kwa Kiswahili, akigeuza kisa kiwe cha Manzese au Kibera. Kijana aliyetaka kulia angeweza kulia chini ya kelele hizo bila mtu kumsikia. Halafu televisheni ikaingia kila sebule, na kwenye sebule taa inawaka, mkwe amekaa pale, jirani amepita kuomba chumvi. Tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili zinatazamwa na nyumba nzima. Mtu akitaka kulia lazima azuge, aende jikoni, aende chooni, ajaze ndoo. Simu ndiyo iliyomalizia. Wanaosema wanaume wa leo wanalia sana wameona matokeo ya taa kuwashwa wakadhani ni mafuriko mapya.

Niseme na kuhusu wanawake, maana wao hawachekwi na kwa hiyo tunadhani wametendewa haki. Mwanamke akilia kwenye filamu tunasema machozi yake yako karibu, kisha tunaendelea na maongezi. Yaani mwanaume tunamwona amelia kupita kiasi na mwanamke tunamwona amelia bila sababu. Wote wawili tumewanyima swali lilelile: umeona nini?

Upande wa pili, wa wale wanaosema kulia ni dawa, una nia njema na ushahidi nusu. Mwaka 2015 Asmir Gračanin, Ad Vingerhoets na wenzao katika Chuo Kikuu cha Tilburg, Uholanzi, walichapisha utafiti wa watu 60 waliotazamishwa filamu mbili, La vita è bella na, kwa sadfa inayonigusa, Hachi. Waliolia walikuwa 28. Mara tu filamu ilipokwisha, hao waliolia walikuwa na hali mbaya kuliko walivyoingia, huku wasiolia wakiwa vilevile. Baada ya dakika 20 walikuwa wamerudi walipokuwa mwanzo. Baada ya dakika 90 walikuwa wanajisikia vizuri kuliko kabla ya kutazama. Kwa hiyo nafuu ipo, ila haiji papo kwa papo, na inapitia kwanza kwenye kuumia. Fikiria sasa mtu anayewashiwa taa na kuchekwa katika zile dakika za mwanzo, akiwa chini kabisa. Tunamkatiza safari katikati halafu tunaandika kwamba kulia ni afya. Zaidi ya hapo, mimi siyapendi mazungumzo ya dawa kwa sababu yanamgeuza mtazamaji kuwa mgonjwa. Mjomba hakuwa anajitibu. Alikuwa anatazama filamu.

Kuna hoja moja tu inayonisumbua kwa dhati, nayo ni ya zamani. Mwanafalsafa na mwanasaikolojia wa Marekani William James, katika kitabu chake cha saikolojia cha mwaka 1890, anamtaja bibi wa Kirusi anayelia ukumbini kwa ajili ya watu wa kwenye mchezo, wakati nje mwendesha gari lake la farasi anakufa kwa baridi akimsubiri. Mfano huo ni mkali kwa sababu tunaufahamu. Tumemlilia yatima wa kwenye Bongo Movie, na dada wa kazi aliyetuletea chai, mwenye umri wa yule yatima, amesimama mlangoni akitazama kwa wizi kwa kuwa hajaambiwa akae. Machozi ya filamu hayana gharama. Hayakuombi nauli wala ada ya shule. Mtu anaweza kuyamwaga, akajiona mwema na kwenda kulala. Sitajaribu kuikanusha hoja hii, kwa sababu ni kweli. Ila tuiangalie inadai nini. James hakusema watu waache kuguswa. Alisema wasiache hisia ipite bila kuifanyia jambo, hata liwe dogo kama kumpisha mtu kiti kwenye gari. Kosa la yule bibi wa Kirusi halikuwa ukumbini. Lilikuwa nje, alipopanda gari bila kumtazama usoni aliyemsubiri. Asiyelia ndani wala kutazama nje hajamzidi kwa lolote.

Kuna pia wanaolalamika kwamba watengeneza filamu wanatuchezea kwa vinanda na kwa nyuso za watoto. Ni kweli wanajua kazi yao. Msoma qasida naye huchagua mahadhi, na anayemsifia marehemu kaburini hujua aanzie wapi. Mahadhi hayawezi kukuliza juu ya kitu usichokuwa nacho ndani.

Na hapo nirudi kwa mjomba, kwa sababu liko jambo ambalo wajukuu hawakulijua na mimi nalijua kwa umri. Mkaza mjomba alifariki miaka kadhaa iliyopita. Alikuwa na meza ya vitambaa sokoni, na alikuwa akirudi saa kumi na moja jioni, mfuko begani, akianza kumwita mjomba tangu kwenye kona ili aje kumpokea. Mpaka leo saa kumi na moja mjomba anatoa kiti chake barazani na kukigeuza upande unaotazama ile kona. Hasemi kwamba anasubiri. Anasema upepo ni mzuri upande ule. Watoto walimwona babu anamlilia mbwa. Mimi nadhani alimwona mtu anayekuja kuchuchumaa karibu na anayesubiri na kumwomba ruhusa wasubiri pamoja, na kwamba katika miaka yote hii hakuna hata mmoja wetu aliyemfanyia hivyo. Hiki ndicho ninachomaanisha ninaposema anayelia ameelewa. Wajukuu waliitazama filamu ileile, tena wao wameketi na yeye amesimama, na walichokiona ni mnyama.

Haya yana maana kwa namna tunavyoishi na simu ndani ya nyumba. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya mwaka 2019, na ni vizuri zipo, lakini hakuna babu atakayemshtaki mjukuu kwa video ya sebuleni, wala sheria haikuandikwa kwa ajili ya hilo. Hili ni la malezi. Tunawafundisha watoto kubisha hodi. Tunawafundisha kwamba mlango ukiwa wazi bado unasema "hodi" na kusubiri "karibu", kwa sababu mtu anaweza kuwa hajajiandaa kuonekana. Uso wa mtu anayelia ni mlango wa namna hiyo, na simu inauingia bila hodi. Ndugu wanaosema ni mzaha tu wa kifamilia wafikirie mzaha huo umefanya nini. Mtoto aliyerekodi amejifunza kwamba mtu mzima akiguswa ndipo pa kumnasa. Wadogo zake wamejifunza kwamba ukiguswa, uzuge. Miaka kumi ijayo mmoja wao atakuwa na jambo zito kifuani na tutashangaa kwa nini hasemi.

Na mjomba naye amejifunza. Tangu siku ile wajukuu wakiweka filamu yeye huchukua kiti chake akatoka nje. Hakugomba. Aliyeituma ile video aliifuta alipoambiwa, akaenda kumwomba babu radhi, akajibiwa kwamba hakuna tatizo mwanangu. Lakini kiti kikaendelea kutoka.

Mara ya mwisho nilipokwenda Tanga tulizima taa za sebule kabla filamu haijaanza, na simu zote tukaziacha chumbani kwenye chaji. Mjomba alikuwa barazani na tasbihi yake. Nilipotoka katikati ya filamu kwenda kunywa maji nilikuta kiti hakitazami kona tena. Kilikuwa kimesogezwa mpaka chini ya dirisha, pazia limefunuliwa kiasi cha kiganja, naye ameinamisha kichwa kusikiliza. Nilipita uani bila kuwasha taa.